Kijiko cha Sukari Mjini Pangani

Msafiri atokaye Tanga kwenda Pangani huiacha bahari mkono wake wa kushoto, akapita kati ya minazi na mashamba ya mkonge, na baada ya mwendo wa kiasi cha kilomita 50 hujikuta amefika ukingoni mwa mto mpana, wenye maji mazito ya rangi ya udongo. Huo ndio mto Pangani, uliotoka mbali katika miteremko ya Kilimanjaro na Meru, ukashuka bondeni kwa siku nyingi, na sasa unakutana na Bahari ya Hindi. Ng'ambo ya pili, chini ya kilima chenye miti, ndiko Bweni. Upande huu ndiko mji wenyewe: nyumba kongwe za mawe, milango ya nakshi iliyopauka kwa chumvi na jua, na vichochoro ambamo mtu husikia sauti za kuku na za watoto wa chuoni kwa pamoja.

Nilipofika Pangani mara ya mwisho ilikuwa asubuhi, na kivuko kilikuwa bado ng'ambo. Nikaingia katika banda la mama mmoja muuza chai, karibu na gati, nikakaribishwa kwenye ubao mrefu alipokuwa ameketi mzee mmoja mwenye kanzu na kofia, na mguu wake wa kulia umefungwa kitambaa cheupe.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Watoka wapi?"

"Natoka Tanga, babu. Nimekuja kuutazama mji."

"Karibu. Hapa kwetu mgeni hupewa chai kwanza, habari baadaye."

Chai ikaletwa, ya rangi, yenye harufu ya tangawizi, pamoja na vitumbua vya moto. Mzee akauvuta mkebe wa sukari. Akatia kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu, akatua kidogo kama mtu anayefikiri, kisha akatia cha nne. Yule mama akamtazama kutoka jikoni.

"Babu, daktari alisemaje?"

"Daktari alisema," akajibu mzee, akikoroga polepole, "nami nilimsikia."

Watu wote bandani tukacheka, naye akacheka. Lakini macho yangu yalirudi kwenye mguu ule uliofungwa, na tangu hapo sikuweza kuitazama sukari ile kama kitu cha mchezo. Niliwaza kwamba hapana mji katika pwani yetu unaostahili zaidi kuulizwa habari za kijiko cha sukari kuliko mji huu wa Pangani.

MUWA WATOKA MBALI

Ndugu msomaji, leo sukari hununuliwa katika kila duka la mtaani, kwa kilo, kwa nusu na hata kwa robo iliyofungwa katika karatasi. Ni vigumu kuamini kwamba zamani kitu hiki kilikuwa cha wafalme.

Muwa ulianza kulimwa na watu wa kisiwa cha New Guinea maelfu ya miaka iliyopita. Kutoka huko ukasafiri kutoka mkono hadi mkono mpaka Bara Hindi, na Wahindi ndio waliovumbua kazi ya kuchemsha maji ya muwa hadi yakaganda na kuwa chembechembe. Neno lenyewe limefuata njia ileile: lilitoka katika Kisanskriti, likapita kwa Waajemi, likashikwa na Waarabu, nao wakatuletea sisi tuliite sukari. Waarabu wakaupanda muwa Misri, Afrika Kaskazini na Hispania. Watu wa Ulaya ya kaskazini waliijua sukari baadaye sana, na walipoijua iliuzwa na wauza dawa, ikipimwa kwa vipimo vidogo pamoja na viungo vya Mashariki.

Kwetu pwani muwa ni mgeni wa siku nyingi. Vasco da Gama alipotia nanga mbele ya Mombasa mwezi Aprili 1498, mfalme wa mji alimpelekea zawadi ya kondoo, machungwa, malimau na miwa. Kumbe tangu wakati huo muwa ulikuwa kitu cha kumstahi mgeni. Lakini kuwa na muwa si kuwa na sukari. Muwa mtu huumenya na kuutafuna chini ya mti, na utamu wake huisha hapohapo. Sukari huwekwa ghalani, hupakiwa chomboni na huuzwa ng'ambo. Babu zetu walipotaka utamu wa kuweka akiba walipanda mtini kuilina asali, au walingoja tende za Arabuni zije na pepo za kaskazi.

Tofauti hiyo kati ya muwa na sukari ndiyo iliyoleta msiba mkubwa duniani. Muwa ukishakatwa hausubiri. Usipokamuliwa mapema, katika siku moja au mbili, maji yake huanza kuharibika na utamu hupotea. Tena muwa ni mzito, na zahitajika kiasi cha tani 10 za miwa kupata tani moja tu ya sukari. Kwa hiyo shamba la sukari ni shamba na kiwanda kwa pamoja: huku panga zinakata, kule kinu kinakamua, na pale masufuria yanatokota usiku na mchana mpaka msimu uishe. Kazi ya namna hiyo haikumvutia mtu huru. Wenye mashamba wakatafuta watu wasioweza kukataa.

Wareno walianza katika visiwa vya Madeira na São Tomé. Columbus akauvusha muwa bahari ya Atlantiki mwaka 1493. Ikafuata Brazil, kisha Barbados katika miaka ya 1640, kisha Jamaica na Saint-Domingue. Katika muda wa karne nne Waafrika wapatao milioni 12 na nusu walipakiwa merikebuni kuvushwa Atlantiki, na sehemu kubwa yao waliishia katika nchi za miwa. Kadiri walivyozidi kupelekwa, ndivyo sukari ilivyozidi kuwa nyingi, na ndivyo bei yake ilivyoshuka. Mwaka 1700 mtu mmoja wa Uingereza, kwa wastani, alikula kiasi cha kilo 2 za sukari kwa mwaka. Mwaka 1800 zilikuwa kilo 8. Kufikia mwaka 1900 zilikuwa zimefika kilo 40. Kitu kilichokuwa kikifungiwa sandukuni kwa ufunguo wa bibi wa nyumba kikawa chakula cha mfanyakazi wa kiwandani, aliyekunywa chai ya sukari ili apate nguvu ya kumaliza zamu yake.

Waswahili husema mchumia juani hulia kivulini. Katika habari ya sukari methali hiyo ilipinduliwa: mmoja alichumia juani, na mwingine akalia kivulini.

MASHAMBA YA BONDE LA MTO

Baada ya chai nilivuka kwa kivuko hadi Bweni, kisha nikakodi mtumbwi wa kijana mmoja mvuvi anipeleke juu kidogo ya mto. Bahari ilikuwa ikijaa, nasi tukasukumwa na maji. Kushoto na kulia ilikuwa mikoko, kisha minazi mirefu iliyoinamia mto kama watu wanaotazama sura zao. Nilimwuliza kijana kama amewahi kusikia kwamba bonde hili lilikuwa la miwa. Akaniambia kwamba anajua habari za minazi, za mkonge na za kambakochi, lakini habari za miwa hakuzisikia.

Hata hivyo ndivyo ilivyokuwa. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 mji wa Pangani, uliokuwa mlango wa misafara ya pembe za ndovu kutoka bara, uligeuka pia kuwa mji wa sukari. Udongo wa bonde ni mzito na wenye rutuba, na mto wenyewe ni barabara ya kuteremshia mizigo. Mabwana wa pwani, Waarabu na wengineo, walifyeka kingo, wakapanda miwa na kuweka vinu vya kukamulia. Sukari guru na asali ya miwa ikapakiwa majahazini kwenda Unguja na Arabuni. Na kazi ilifanywa na watumwa walioletwa kutoka bara.

Ukatili wa kazi hiyo ulikuwa wa namna yake. Katika mashamba mengi ya pwani mtumwa aliachiwa aghalabu siku mbili za juma ajilimie kishamba chake mwenyewe. Muwa haukumwachia. Wakati wa kukata na kukamua hapakuwa na siku wala usiku, na kishamba chake mtumwa kilimezwa na magugu. Si ajabu basi kwamba mapema katika miaka ya 1870 watumwa wengi wa mashamba haya waliasi, wakatoroka na kujijengea makazi yao ya watoro, wakajilinda huko. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari, na soko la Unguja likafungwa. Lakini mkataba huo haukumfungua aliyekwisha kununuliwa. Wengi waliokuwa wakingojea kuvushwa walibakizwa papa hapa Mrima, mashambani.

Mmojawapo wa wenye mashamba ya miwa karibu na Pangani alikuwa mtu ambaye jina lake linajulikana na kila mwanafunzi wa historia yetu: Abushiri bin Salim al-Harthi. Kampuni ya Wadachi ilipokuja kupandisha bendera yake hapa mwezi Agosti 1888, ilitaka kuitawala pwani kwa dharau. Vita vilianzia Pangani, vikaenea pwani nzima, na Abushiri akawa kiongozi wake mashuhuri. Wadachi wakamleta Wissmann na askari wa kukodi. Tarehe 15 Desemba 1889 Abushiri alinyongwa katika mji huuhuu wa Pangani.

Twamkumbuka Abushiri kwa kuwa alisimama mbele ya ubeberu, na ni haki akumbukwe. Lakini heshima hiyo isitufanye tuwasahau waliokuwa wakikata miwa yake. Historia ya nchi ni ya wote wawili.

Baada ya vita miwa ya Pangani ilififia. Mwaka 1893, huko Kikogwe kusini mwa mto, Mdachi aitwaye Richard Hindorf alipanda miche ya mkonge. Alikuwa ameagiza 1,000 kutoka Florida, na 62 tu ndiyo iliyosalimika. Kutokana na hiyo 62 ulienea mkonge wa Tanganyika, na watu wakaanza kuyasahau mashamba ya zamani. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922.

KUTOKA KWA WAKUBWA HADI GENGENI

Ulaya nako mambo yalikuwa yamebadilika. Mwaka 1747 mtaalamu wa kemia wa Berlin, Andreas Marggraf, aligundua kwamba sukari ya muwa imo pia katika kiazisukari. Mwanafunzi wake Achard akajenga kiwanda cha kwanza mwanzoni mwa karne ya 19, na Napoleon, alipofungiwa bahari na Waingereza, akahimiza zao hilo. Tangu hapo sukari ikatoka kaskazini na kusini, viwandani, kwa mitambo ya mvuke, na bei ikashuka zaidi. Meli na reli zikaileta mpaka kwetu.

Hapa nchini sukari iliingia katika nyumba za watu wa kawaida ikiwa imeshikana mkono na chai. Kibarua wa mkonge, karani wa reli, askari na mpishi walijifunza kunywa chai mijini na makambini, nao wakarudi na desturi hiyo vijijini. Duka dogo la kona likawa na gunia la sukari karibu na pipa la mafuta ya taa. Katika miaka ya 1930 Wadenmark walianzisha shamba kubwa la miwa Arusha Chini, karibu na Moshi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kiwanda cha Kilombero kilianza kazi, kikafuatwa na vingine, Mtibwa na Kagera. Muwa ukarudi tena kuwa zao la nchi, safari hii ukikatwa na watu wa mshahara.

Sukari ilipozoeleka iliingia katika adabu zetu. Hatwendi kumtazama mzee mikono mitupu, twachukua kilo ya sukari na majani ya chai. Kwenye msiba watu hutanguliza sukari na mchele. Uji wa futari, kashata, halua ya Unguja, maandazi ya asubuhi, vyote vyadai sehemu yake. Kitu cha anasa kikaisha kuwa anasa, kikawa haki ya mgeni.

FOLENI YA SUKARI

Na kwa kuwa kimekuwa haki, kukosekana kwake huuma. Wa rika langu hatutasahau miaka ya mwanzo ya 1980. Nchi ilikuwa imetoka katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979, mafuta yalikuwa ghali, fedha za kigeni hazikupatikana, na madukani hapakuwa na sabuni wala sukari. Nilikuwa mtoto. Mama aliniamsha alfajiri nikaweke jiwe letu katika foleni ya duka la mtaa, maana mawe yalipanga foleni kwa niaba ya wenyewe. Mjumbe wa nyumba kumi alisimama na daftari lake. Siku moja tulingoja tangu alfajiri hadi adhuhuri, kisha muuzaji akatutangazia kwamba sukari imekwisha. Tukiwa njiani kurudi nyumbani, nikaona gunia likitolewa kwa mlango wa nyuma na kupakiwa kwenye gari la mlanguzi. Mama hakusema neno. Jioni alimpa kila mmoja wetu kipande cha muwa, tukanywa chai chungu huku tukiuma muwa. Nami, kwa utoto, niliona ni chai tamu kuliko zote nilizopata kunywa.

Msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983 uliibua maghala mengi, na baada ya mageuzi ya biashara bidhaa zilirudi. Lakini msomaji asidhani kwamba foleni zilikwisha kabisa. Mwanzoni mwa 2024 mvua nyingi za El Nino zilijaza maji mashambani, miwa haikuvunika sawasawa, na bei ya kilo moja ikapanda hadi Serikali ikaweka bei elekezi. Wakati huo wauza chai wengi walipunguza vijiko, na wanywaji wakalalamika. Kinachozoeleka hutawala.

KIJIKO KIMOJA

Alasiri nilirudi ng'ambo ya mji. Nilipita kwenye boma kongwe, ambalo wenyeji husimulia kwamba chini ya nguzo zake walizikwa watumwa wakiwa hai ili jengo lisimame imara. Kama ni kweli au ni hadithi, inaonyesha jinsi mji unavyoyakumbuka mambo yake. Mlangoni alikuwapo mtoto akiuza vipande vya muwa kwenye sinia. Nikanunua viwili, nikaenda navyo bandani, na mzee alikuwa bado palepale. Nikamkaribisha kimoja. Akatikisa kichwa.

"Muwa siuli, mjukuu wangu."

"Kwa ajili ya meno, babu?"

"La. Mama yake bibi yangu alifikishwa hapa angali kigori, kutoka bara. Alitiwa katika miwa. Nilimdiriki nikiwa mtoto mdogo, kizee asiyeona. Mtu akitafuna muwa karibu naye, hata asipomwona, akiisikia tu ile sauti, alinyanyuka akatoka. Nyumbani kwetu muwa hauingii mpaka leo."

"Na sukari?"

Mzee akakaa kimya. Nadhani hakuwahi kuulizwa. Akautazama mkebe uliokuwa mbele yake, mkebe mdogo wa bati wenye kijiko kimoja ndani, kama aonaye kitu kwa mara ya kwanza.

"Sukari," akasema, "ilikuja dukani. Ni nyeupe. Nani angejua kwamba ndiyo ileile?"

Naam, nani angejua? Huo ndio mwisho wa kila kitu cha anasa kinapokuwa cha kila siku: kinasafishwa, kinafungwa, na asili yake inafutika. Na pamoja na asili, twasahau kipimo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kiasi cha asilimia 9 ya watu wazima wenye umri wa miaka 25 hadi 64 nchini walikuwa na ugonjwa ambao lugha yetu, kwa ukweli wa kutisha, imeuita kisukari. Si sukari peke yake iletayo ugonjwa huo. Unene, kukaa bila kazi ya mwili na nasaba navyo vina sehemu yao. Lakini Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba afya njema yataka sukari ya kuongeza isizidi sehemu ndogo ya chakula cha mtu, na kwamba kiasi cha vijiko vidogo 6 kwa siku, yaani gramu 25, ndicho kilicho bora zaidi. Mzee wetu alikuwa amevikaribia kwa gilasi moja ya asubuhi. Wahenga walituonya kwa maneno machache zaidi: chovya chovya yamaliza buyu la asali. Wangejua mambo ya leo, wangeongeza kwamba yammaliza na mchovyaji.

Sisemi, ndugu msomaji, tuitupe sukari. Chai ya mgeni itabaki kuwa chai ya mgeni, na kilo anayopelekewa mzee itabaki kuwa heshima, ingawa pengine ni wakati sasa tujifunze kumpelekea matunda. Ninachosema ni kwamba kitu kilichogharimu watu wengi hivyo kinastahili kupimwa. Mtu anayeijua bei ya kitu hakimwagi.

Jua lilikuwa likishuka nyuma ya minazi, na honi ya basi la Tanga ikalia. Mama muuza chai alileta gilasi ya mwisho kwa ajili yangu na nyingine kwa mzee. Mzee akauvuta mkebe. Akatia kijiko kimoja, akakirudisha kijiko ndani, kisha akausukuma mkebe upande wangu.

"Leo inatosha," akasema. "Mpe salamu zangu Tanga."

Yule mama alikuwa amesimama na birika mkononi, akimtazama. Hakusema kitu. Nami nikatia kimoja, nikakoroga, nikanywa.